Mfalme wa Mito

Nchi ya Dai Phong haikuwahi kupatwa na tatizo lolote. Nalisema hili mapema kabisa, ili msomaji asije akakutana na jambo huko mbele akadhani ni tatizo. Mvua ilipokataa kunyesha, serikali ilitangaza msimu wa jua. Wananchi walipokonda, wataalamu walieleza kuwa wamekuwa wepesi. Na mfalme wao, Thach Duong, alipoondolewa ikulu asubuhi moja akiwa bado ameshika kikombe cha chai, wapiga mbiu walipita mitaani kutangaza kwamba Mtukufu amechoka.

Mwenyewe alikuwa hajajua kuwa amechoka. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na ushee, mwembamba, mpenda vitabu na mpole kupita kiasi, na asubuhi ile alikuwa anamfundisha mwanawe kuiga mlio wa njiwa kwa kupuliza viganja. Lakini uchovu wa wakubwa hauonwi na wenyewe; huonwa na walio karibu nao. Aliyeuona alikuwa baba mkwe wake, Waziri Mkuu Vu Dat, mzee aliyejaliwa kuona mambo ambayo wengine hawakuyaona, hasa viti vilivyo karibu kuwa vitupu.

"Mwanangu," Vu Dat alimwambia mkwewe huku machozi yakimtiririka, maana alikuwa na macho matiifu, yaliyolia kila yalipoamrishwa, "nchi imekulemea. Nenda ukapumzike kwenye hekalu la Mlima Ukungu. Wataalamu wameshauri."

"Wataalamu gani, baba?"

"Wale pale mlangoni."

Mfalme akageuka. Wataalamu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na upanga. Akaweka kikombe chini taratibu kisimwagike, akamshika mwanawe utosini, akaenda kupumzika.

Mtoto yule aliitwa Khai. Alikuwa na miaka saba na pengo la meno ya mbele, na kesho yake akatawazwa.

Hapo ndipo lilipojitokeza, si tatizo, bali suala. Kiti cha enzi cha Dai Phong kilichongwa zama za mfalme mmoja jitu la watu, na Khai alipoketishwa juu yake alizama, yakabaki macho na taji. Baraza likakutana. Waziri mmoja alipendekeza kiti kikatwe miguu. Akaambiwa kwamba kiti cha enzi hakishuki. Wanaoshuka ni mawaziri. Mwingine akapendekeza mtoto asubiriwe akue. Huyu aliambiwa kwamba nchi haiwezi kusubiri mambo yasiyo na uhakika. Mwishowe yakaja mawazo ya mito, ukawekwa mto mmoja, juu yake wa pili, na mingine juu ya hiyo, mpaka Mtukufu akaonekana vizuri na mabalozi.

Nchi ile ilikuwa na mito mingi iliyotelemka kutoka milimani kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo jina jipya la heshima lilipotangazwa, Mfalme wa Mito, wananchi walio mbali walilipokea kwa shangwe. Walio ikulu walilipokea wakitazama chini.

Kazi ya Mfalme wa Mito ilikuwa moja: asianguke. Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Mkuu wa Itifaki, mzee Quach, mtu wa ndevu chache zilizochanwa kwa uangalifu, aliyejua waziri wa daraja gani aingie na mguu upi.

"Mtukufu hageuzi shingo," Quach alimwambia. "Mtukufu haangui kicheko. Mtukufu hakuni pua."

"Ikiwasha je?"

"Pua ya Mtukufu haiwashi."

Wazee wenye mvi walimpigia magoti wakimwita Baba wa Wote. Naye Baba wa Wote aliwaangalia kutoka juu ya mito yake, miguu ikining'inia, na alipofika kiasi cha kusinzia, mtumishi aliyefichwa nyuma ya kiti alimshika kiuno asidondoke. Mambo mengine yote yalifanywa na babu yake, ambaye alikataa kabisa kuchukua cheo chochote kikubwa. Alikubali kuitwa tu Msaidizi wa Mtukufu katika Yote.

Mwaka ule ukuta wa kuzuia maji ya Mto Mwekundu ulibomoka. Magogo yaliyokatwa kwa ajili ya kuutengeneza yalikuwa yamepelekwa kwenye ngome mpya ya Vu Dat, jambo la kawaida, kwa sababu ngome nayo huzuia. Vijiji vikafunikwa. Baraza lilijadili siku kutwa namna ya kulisema jambo hilo, likaafikiana kwamba mto umewatembelea wananchi. Furaha ya wananchi kwa kutembelewa ilikuwa inaelezwa kwa kirefu pale sauti ndogo iliposikika kutoka juu.

"Sasa wanalala wapi?"

Mzee Quach akafumba macho. Hakuna aliyekuwa amemfundisha Mtukufu kuuliza.

Vu Dat ndiye aliyeinuka kwanza, macho yake yakitii kama kawaida. "Mmesikia?" akasema. "Mmesikia hekima hii, kutoka kinywa hiki kichanga? Sasa wanalala wapi! Naagiza maneno haya yachongwe kwenye jiwe, ili vizazi vijavyo vijue tulikuwa na mfalme wa namna gani."

Yakachongwa. Jiwe lilikuwa kubwa, na kwa kuwa mvua ingeliharibu, likajengewa nyumba ya vigae yenye nguzo za msonobari. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba baada ya gharika ile hakikujengwa kitu.

Khai alikwenda kulitazama jiwe lake. Alilizunguka akitafuta, kisha akamuuliza Quach, "Na jibu limeandikwa wapi?"

Quach akamwambia kwamba jua linawaka, warudi ndani.

Kitu kingine alichokiuliza mara kwa mara ni baba yake atarudi lini. Babu yake hakuwahi kumkatalia kumwona. Alimweleza tu, kwa upole sana, kwamba maombi yote ya namna hiyo hupelekwa kwa mfalme, na mfalme hawezi kuamua mpaka awe mtu mzima.

Siku zikapita. Lakini huko majimboni watu wana tabia mbaya ya kukumbuka. Wakulima waliolala juu ya matuta wakaanza kusema kwamba zama za Thach Duong ukuta haukubomoka. Maofisa wawili watatu wakapeleka mchele na asali kule Mlima Ukungu. Ikasemwa, kwa sauti za chini, kwamba mtu aliyepumzika kiasi kile huenda sasa ana nguvu za kurudi kazini.

Vu Dat aliitisha Baraza zima. Alimpigia magoti mjukuu wake mbele ya wote, paji la uso likagusa sakafu.

"Mtukufu, nimekuja na jambo la baba yako."

Khai akainama mbele, mtumishi wa nyuma ya kiti akamdaka vazi.

"Amepona?"

"Bado, Mtukufu. Kule mlimani hapumziki. Watu wanamfuata na maneno yao, wanamchosha. Baraza linaomba idhini yako, ili apumzishwe kabisa."

Khai alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa jambo analolijua. Yeye mwenyewe alikuwa amechoshwa na watu tangu alipopandishwa pale juu, na aliona uchungu kwamba baba yake amefuatwa huko alikokimbilia.

"Akipumzishwa kabisa, hatachoka tena?"

"Hatachoka tena kamwe."

"Basi ndiyo," Khai akasema, na akaongeza sauti ili wa nyuma wasikie, maana alitaka ifanyike haraka. "Ndiyo! Apumzishwe kabisa!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mtukufu, ambaye hakuruhusiwa kucheka, alicheka, na pengo lake likaonekana na watu wote. Mzee Quach peke yake hakupiga makofi. Mshipi wake ulikuwa umelegea, na kuufunga kulimchukua muda mrefu.

Mwezi huo rangi nyeupe ilipigwa marufuku. Katika nchi ile nyeupe ni rangi ya msiba, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekufa, serikali haikuona sababu ya rangi hiyo kuonekana ovyo. Wauza vitambaa wakachovya majora yao kwenye manjano. Mabata bukini wakafukuzwa nje ya mji kwa fimbo, wakienda wakilalamika barabara nzima. Wazee wenye ndevu nyeupe wakashauriwa wabaki majumbani. Wananchi, ambao walikuwa hawajasikia chochote, walipoona mabata bukini wakipita wakaelewa mara moja, wakaingia ndani na kufunga madirisha.

Mamake Khai, Bibi Nga, alikuwa binti pekee wa Vu Dat. Aliishi upande wa mashariki wa ikulu, na mwanawe alimwona wakati wa sherehe tu, kutoka mbali, kwa sababu mama wa mfalme akimkumbatia mfalme hadharani mito inaweza kuteleza. Habari yeye hakuletewa na mtu. Aliletewa joho la mumewe kutoka mlimani, limekunjwa vizuri, liwekwe stoo. Alilikunjua, akaona jinsi lilivyochanika shingoni, akalikunja tena.

Mchana huohuo alitembea moja kwa moja mpaka chumba cha Khai. Walinzi walimzuia, akawatazama, wakajikuta wamesogea. Alikuwa amevaa vazi jekundu kama ilivyoagizwa. Lakini alipoketi mkekani karibu na mwanawe, ukosi ukaachama, na Khai akaona nguo nyeupe chini yake.

"Mama, hiyo imekatazwa."

"Najua, mwanangu."

"Nani kafa?"

Nga alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yakampotea. Alimvuta mtoto, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Baba yako," akasema.

Khai alimtazama. Kisha akatikisa kichwa, kwa subira, kama mtu anayemrekebisha mwenzake aliyekosea. "Hapana, Mama. Baba anapumzika. Mimi mwenyewe nili..." Mamake aliliona neno linavyomrudia, likiingia ndani ya uso ule mdogo na kukaa. "Nilisema ndiyo," akasema Khai. "Nilisema kwa sauti."

"Hukusema wewe. Walikusemesha."

"Nilicheka, Mama."

Nga alimpakata, ingawa mfalme hapakatwi, na walikaa hivyo mpaka walinzi walipoanza kukohoa nje ya mlango.

Tangu siku hiyo Khai hakusema neno ukumbini. Aliulizwa, hakujibu. Aliletewa mabalozi, akawatazama kama anavyotazama mtu aliye ndani ya maji. Baraza lilifurahishwa sana, likaipa hali hiyo jina la Ukimya wa Kifalme, na mwalimu mmoja mashuhuri akatunga maelezo marefu kuhusu maana zake. Ila Vu Dat hakupenda. Mtoto anayenyamaza anafikiri, na anayefikiri hukua. Ilionekana wazi sasa kwamba Mtukufu naye amechoka.

Dai Phong ilikuwa nchi ya adabu. Kiti cha enzi hakikunyang'anywa mtu. Mfalme aliyechoka alimwomba mtu anayestahili akichukue. Anayestahili alikataa kwa machozi. Mfalme alimwomba tena, akakatalia mbali. Alipoombwa mara ya tatu, alikubali kwa kulazimishwa, asije akaivunja moyo nchi. Ndivyo vitabu vilivyosema, na vitabu vilikuwa vimeandikwa na watu waliokwisha kuombwa.

Quach alitumwa kumfundisha mtoto maneno. Alitandika mkeka bustanini, karibu na bwawa la yungiyungi, akayasema polepole: "Babu, nchi inakulilia. Pokea kiti hiki." Alirudia na kurudia. Hatimaye Khai akafungua kinywa.

"Mzee Quach, Babu akisema hapana, ni hapana?"

"Hapana ya kwanza ni adabu, Mtukufu. Maana yake ni ndiyo."

"Na ya pili?"

"Ni ndiyo vilevile."

"Na mimi niliposema ndiyo, maana yake ilikuwa nini?"

Quach alikuwa ametumikia wafalme wanne. Alijua jibu la kila swali linaloruhusiwa kuulizwa. Alifungua mdomo, kisha akainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka, akabaki pale. Kwa itifaki, kusujudu kwa namna hiyo kulihitaji sababu. Khai alimgusa bega.

"Inuka, mzee. Nitayasema."

Siku ya kuombana ilipofika, ukumbi ulijaa. Mawaziri walivaa yale mavazi yanayovaliwa mara moja kwa kila utawala, na kwa kuwa siku hizo tawala zilifuatana kwa kasi, hayakuwa na hata harufu ya sanduku. Kando ya ukuta walisimama walinzi na nahodha wao, mtu mrefu mwenye kovu shavuni. Ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kwanza mlangoni siku ile ya kikombe cha chai. Sheria ya ukumbi ule alikuwa nayo kichwani tangu ujana: neno la mfalme likitamkwa juu ya kiti, mlinzi hutekeleza, haulizi.

Khai aliketi juu ya mito yake. Vu Dat alisimama chini, mnyenyekevu, amevaa joho la kawaida. Lile la njano, la kifalme, lilikuwa chini yake.

"Babu," Khai akasema, sauti yake ikiwa nyembamba baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika, "nchi inakulilia. Pokea kiti hiki."

Vu Dat akarudi nyuma kana kwamba amechomwa moto. "Mimi?" akalia. "Mimi mzee hivi? Mifupa yangu imechakaa. Macho yangu hayaoni. Nimechoka, Mtukufu, nimechoka! Siwezi, usinitwishe!"

Mawaziri wengi walilia. Ilikuwa hotuba nzuri. Wote wakageuka kumsikiliza mtoto akiomba mara ya pili.

Khai alimtazama babu yake kwa makini.

"Haya," akasema. "Babu amesema hawezi. Amesema amechoka." Akavuta pumzi. "Basi naye apumzishwe kabisa."

Sijui niueleze vipi ukimya uliofuata. Waliokuwa wakilia, machozi yaliwasimama shavuni. Vu Dat, aliyekuwa ameinama nusu kwa ajili ya kukataa mara ya pili, alibaki kwenye nusu hiyohiyo. Nahodha mwenye kovu alishika mpini wa upanga wake. Aliutoa kiasi cha kidole kimoja. Kisha akamtazama mlinzi wa kulia kwake, naye alikuwa anamtazama wa kwake, na huyo wa kwake. Kila mmoja alikuwa tayari kabisa kumfuata mwenzake. Mawaziri nao walitazamana. Hapakuwa na mtu mle ndani aliyempenda Vu Dat. Ngome yake ilikula misitu yao, wanawe walishika vyeo vyao. Ilihitajika hatua moja tu, na wa kwanza kuipiga asiwe peke yake.

Khai alisubiri. Aliwatazama mmoja mmoja, wazee waliomwita Baba wa Wote.

Huko nyuma mtu mmoja akacheka. Wengine wanasema alikuwa Waziri wa Maghala, na kwamba hakuwa anacheka, hofu ilimtoka kwa mlango huo. Lakini wa pili akacheka, na wa tatu akasema kwa sauti, "Mtukufu anatania!" na mara ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakishikana mabega, wakijifuta macho. Nahodha aliurudisha upanga, akajikuna paja kana kwamba mkono ulikwenda kule kwa kazi hiyo. Katika historia rasmi ya Dai Phong, siku ile inaitwa Siku ya Kicheko.

Vu Dat hakucheka. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na macho yake, kwa mara ya kwanza, yalikuwa makavu.

Aliyesogea ni Bibi Nga. Alitoka mahali pa wanawake, akapanda ngazi za kiti cha enzi ambazo mwanamke hakanyagi, akapiga magoti mbele ya mito. Kicheko kikafifia.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "omba wanavyotaka."

"Umeona, Mama? Hawakufanya kitu."

"Nimeona."

"Kwa Baba walifanya."

"Nisikilize, Khai. Kiti hiki kimekwisha kumla baba yako. Nikikuacha hapo kitakula na wewe, nami sina mwingine. Sema, tushuke."

"Nikisema, tutaondoka? Wewe na mimi?"

Nga aligeuka, akamtazama baba yake pale chini. Vu Dat alitikisa kichwa kukubali, haraka.

"Wewe na mimi," akasema.

Khai akaomba mara ya pili. Itifaki ni itifaki: Vu Dat alilazimika kukataa tena. Alikataa kwa kunong'ona, kwa maneno machache kadiri inavyowezekana, akimkodolea macho mtoto kama mtu anayevuka daraja bovu. Na Khai alipoanza mara ya tatu, hata hakufika kwenye kiti. Aliposema tu "Babu, nchi..." Vu Dat alikuwa amekwisha kukubali.

Ile mito ilitolewa nje kupitia mlango wa nyuma.

Mfalme mpya alikuwa na huruma, na huruma yake ilitangazwa nchi nzima. Mfalme mwingine angemmaliza mtoto yule. Yeye alimwacha hai, akampa cheo cha Mwana Aliyeridhika na nyumba ya makuti katika kijiji cha mpunga, mbali, chini ya ulinzi. Kuhusu binti yake alikuwa na mawazo mengine. Alimwita faraghani.

"Baki, Nga. Sasa wewe ni binti mfalme."

"Nimekuwa mke wa mfalme, baba, na mama wa mfalme. Yamenitosha."

"Yote haya nimeyafanya kwa ajili ya ukoo wetu. Kwa ajili yako."

Nga aliitazama ile mikono iliyombeba utotoni. Ilikuwa imeota madoa ya uzee.

"Ulinizaa," akasema, "ukaniozesha, kisha ukaniulia mume. Umemaliza kazi zote za baba. Niache nimlee mwanangu."

Wanasema mzee alitaka kulia, safari hii kwa kweli. Macho yakakataa.

Waliondoka kwa gari la ng'ombe, na askari sita, na sajini mmoja aliyeagizwa kuhakikisha kwamba njiani hakuna atakayepiga magoti. Quach alikuja kuwaaga langoni. Alimweleza sajini, kwa sauti ya itifaki, kwamba watu wa damu ya kifalme wakisafiri ni lazima ng'ombe wapumzishwe kwenye hekalu lililo karibu zaidi na njia. Sajini akauliza ni hekalu lipi. Quach akamtajia Mlima Ukungu. Haikuwa njia ya karibu, na sheria hiyo haimo katika kitabu chochote. Ilikuwa sheria pekee aliyowahi kuitunga.

Walifika mchana. Hekalu lilikuwa dogo, la mawe, lina ua uliofagiwa na mti wa pichi uliozeeka. Mtawa mmoja, aliyeitwa Tue, alikuwa akianua mboga zilizoanikwa. Alimwona mtoto, akaweka ungo chini. Alimtambua kwa masikio. Alikuwa na masikio ya baba yake.

Hakuwauliza kitu. Aliwapeleka nyuma ya jiko, mahali ambapo udongo ulikuwa umeinuka kidogo na kupandwa vitunguu, ili mkaguzi akija aone vitunguu. Sajini aliwafuata, akatazama tuta lile, akaelewa. Alisema anakwenda kuangalia kwato za ng'ombe.

Nga alivua vazi jekundu. Alibaki na nguo yake nyeupe mchana kweupe, akapiga magoti, na kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya joho kikamtoka.

Khai alisimama. Alikuwa na swali, na mdomo ulikuwa mzito.

"Mtawa," akasema, "alijua nani aliyesema?"

Tue alimtazama mamake, kisha akamtazama mtoto. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo vizuri, ndiyo maana aliishi mlimani.

"Alijua. Walimsomea. Kwa idhini ya Mtukufu, mwanao."

Khai hakulia. Aliitikia kwa kichwa tu, kama aliyekuwa akilitarajia.

"Akasemaje?"

"Alimuuliza yule mjumbe, 'Umemwona mwanangu?' Mjumbe akasema amemwona. Akamuuliza, 'Kile kikohozi cha masika kimemwisha?' Mjumbe hakujua. Wale watu walikuwa na haraka. Basi alinigeukia mimi, akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ningejua."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia kimekwisha." Mtawa alifuta mikono yake kwenye kanzu ingawa haikuwa na kitu. "Sikuwa na hakika. Nilimwambia tu. Akasema, 'Vizuri,' akainuka, akaenda nao. Toka siku hiyo nasumbuka, mwanangu, kwamba huenda nilimwambia uongo mtu aliyekuwa anakwenda kufa."

Khai aliketi kwenye udongo, kati ya vitunguu. Aliweka kiganja juu ya tuta, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Kilikwisha," alisema. "Mama alinipa tangawizi. Kilikwisha kabisa, Baba."